Macho yaliyotokeza kwa ugonjwa wa thairoidi: namna ya kuyalinda na kuyatibu

Mgonjwa wa thairoidi aliyetokeza macho huambiwa sana, "Wewe meza dawa za tezi, macho yatarudi yenyewe." Hiyo ni nusu ya kweli, na nusu iliyobaki ndiyo inayowagharimu watu uwezo wa kuona. Tezi na macho huugua kwa chanzo kimoja, lakini kila kimoja kina tiba yake na kalenda yake. Unaweza kuwa na majibu mazuri kabisa ya maabara huku jicho likiendelea kusukumwa nje. Kwa hiyo hapa tunashika mambo mawili kwa pamoja: unayoyafanya mwenyewe nyumbani kila siku, na unayopaswa kuyaulizia kwa daktari ukijua dozi na wakati wake.

Chanzo kikubwa ni ugonjwa wa Graves (hospitali zinazofuata Kifaransa, kama za Kongo na Burundi, huandika Basedow). Kinga ya mwili hutengeneza kingamwili zinazoichokoza tezi ifanye kazi kupita kiasi, na mashambulizi hayohayo hufika kwenye tishu za nyuma ya jicho. Misuli inayozungusha jicho huvimba, mafuta huongezeka, na vyote hunyonya maji. Shimo la jicho limezungukwa na mfupa, ujazo wake kwa mtu mzima ni kama mililita 30, na halitanuki. Upande ulio wazi ni wa mbele tu. Nyama ikiongezeka mililita 4 pekee, jicho husogea mbele kama milimita 6.

Uvimbe huu una muda wake. Kwanza huja kipindi cha moto, ambacho mara nyingi huchukua kati ya miezi 6 na miaka 2: macho mekundu, maumivu, hali inabadilika wiki hadi wiki. Kisha moto huzima wenyewe, lakini misuli iliyokakamaa na mafuta yaliyoongezeka hubaki. Dawa za kupoza kinga hufanya kazi wakati wa moto. Upasuaji wa kurekebisha hufanywa baada ya moto kuzima. Anayepewa steroidi, mojawapo ya dawa hizo za kupoza kinga, miaka mitano baada ya macho kutulia anapata madhara ya dawa bila faida yake, na anayewahishwa kufanyiwa upasuaji wa makengeza macho yakiwa bado mekundu atarudi mezani tena.

Hakikisha kwanza kuwa ni thairoidi

Si kila jicho kubwa ni la thairoidi, na si kila uvimbe wa shingo hutokeza macho. Goita inayotokana na upungufu wa madini joto, ile inayojulikana sana maeneo ya milimani, haisukumi macho. Vipimo vya damu vya kuanzia ni TSH (homoni ya ubongo inayoiamrisha tezi), FT4 na FT3 (homoni za tezi yenyewe), na pale inapowezekana kipimo cha kingamwili kinachoitwa TRAb. Wagonjwa wachache huwa na macho ya Graves huku tezi ikisoma kawaida, au hata ikiwa imepungua nguvu, kwa hiyo TSH nzuri peke yake haikufungi mlango wa daktari wa macho.

Jicho moja likitokeza na jingine likibaki palepale, bado inaweza kuwa thairoidi, lakini picha ya CT au MRI ya mashimo ya macho ni lazima, maana uvimbe wa saratani nao hukaa humo humo. Kwenye picha, macho ya Graves huonyesha misuli iliyovimba katikati huku kano zake, pale zinaposhika jicho, zikibaki nyembamba. CT hiyo kwa kawaida hufanywa bila dawa ya kung'arisha picha yenye iodini. Mkumbushe anayekupiga picha kuwa una tatizo la tezi, kwani dawa ile inaweza kuichokoza na pia kuchelewesha tiba ya iodini ya mionzi.

Mtoto mdogo ambaye jicho linatokeza, au ambaye mboni yake inang'aa weupe pichani, hahusiani na mwongozo huu. Huyo apelekwe hospitali ya macho siku hiyohiyo.

Ishara nyingine ya kuangalia ni kope. Thairoidi huvuta kope la juu lipande. Kope likilegea na kufunika jicho, hasa jioni ukiwa umechoka, mwambie daktari apime ugonjwa wa misuli uitwao miastenia, ambao hupenda kuambatana na Graves.

Jipime nyumbani, na uandike

Daktari anayekuona mara moja kwa miezi mitatu hawezi kujua kama moto unapanda au unashuka. Wewe unaweza. Tafuta picha yako ya zamani, ile ya kitambulisho cha taifa au pasipoti inatosha, uiweke kama kipimo cha mwanzo. Halafu kila mwezi piga picha tatu mahali palepale, mwanga uleule: ya mbele ukitazama kamera, ya ubavuni, na moja umefumba macho taratibu kama mtu anayelala. Hiyo ya tatu ndiyo wengi huisahau, na ndiyo inayoonyesha kama jicho linafungika lote.

Katika picha ya mbele, angalia kope la juu. Kwa kawaida linafunika ukingo wa juu wa duara jeusi la jicho kwa milimita 1 au 2. Ukiona mstari mweupe juu ya duara, kope limevutwa.

Kila wiki fanya vipimo viwili vya dakika moja. Funika jicho moja kwa kiganja bila kulikandamiza, soma maandishi yaleyale, kisha badili. Halafu chukua kifuniko chekundu cha chupa ya soda, kitazame kwa jicho moja moja. Wekundu ukiwa mkali kwa jicho la kulia na umefifia, kama uliochuja, kwa la kushoto, neva ya jicho la kushoto, ile inayopeleka picha kwenye ubongo, huenda inabanwa. Rangi hupotea mapema, mara nyingi kabla mgonjwa hajalalamika kuwa haoni.

Kisha kuna alama saba ambazo madaktari hutumia kupima moto wenyewe. Kila moja ni pointi 1: maumivu au mgandamizo nyuma ya jicho ukiwa umetulia, maumivu unapotazama juu, chini au pembeni, kope kuvimba, kope kuwa jekundu, weupe wa jicho kuwa mwekundu, utando wa juu ya weupe kujaa maji kama lengelenge, na kinyama cha kona ya ndani karibu na pua kuvimba. Ukifikisha 3 kati ya 7, macho yanahesabiwa kuwa kwenye moto. Kwenye ngozi nyeusi wekundu wa kope hauonekani vizuri na hugeuka kuwa weusi au zambarau, kwa hiyo alama hiyo hukosewa sana. Linganisha rangi ya kope na ya shavu lako mwenyewe.

Kliniki watapima umbali wa jicho kwa kifaa cha Hertel, kinachowekwa kwenye mifupa ya pembeni ya macho. Hapa kuna kosa linalojirudia. Vitabu vingi hutoa kikomo cha kawaida cha watu wa asili ya Ulaya, karibu milimita 20 au 21. Watu wa asili ya Afrika wana mashimo ya macho yenye umbo tofauti, na kikomo chao cha kawaida hufika 23 au 24. Mtu mwenye 22 anaweza kuwa mzima kabisa, na mtu aliyekuwa na 17 akafika 21 ni mgonjwa ingawa namba yake "ni ya kawaida". Kinachohesabika ni mabadiliko yako wewe, kwa kifaa kilekile, na tofauti kati ya jicho na jicho ikizidi milimita 2. Omba namba zako uandikiwe kwenye daftari la kliniki.

Usisubiri tarehe ya kliniki ukiona haya

Kuona kunafifia au rangi zinachuja kwenye jicho moja au yote. Jicho halifungiki na linauma kama lina mchanga mchana na usiku. Doa jeupe au la kijivu limetokea juu ya duara jeusi. Kuona vitu viwili kumeanza ghafla na kunazidi kila siku. Au jicho limetoka mbele ya kope na kope limenasa nyuma yake. Hapo usilisukume kwa nguvu, lifunike kwa shashi safi iliyoloweshwa maji ya chumvi ya dripu, uende hospitali.

Neva inaweza kubanwa hata kama macho hayajatokeza sana. Pale kope zinapokuwa zimekaza na jicho halina pa kwenda, shinikizo lote hurudi nyuma. Mgonjwa wa namna hiyo huonekana "afadhali" kuliko wenzake kwenye benchi la kliniki, na ndiye aliye hatarini zaidi.

Kulinda uso wa jicho: kazi ya kila siku

Jicho lililotokeza halifungiki vizuri, machozi hukauka haraka, na konea, yaani kioo cha mbele, huanza kuchubuka. Ajabu ni kwamba jicho kavu hutoa machozi mengi. Yanatiririka shavuni lakini hayashiki juu ya kioo. Usiache matone kwa sababu eti "macho yangu yana maji tayari".

Ulizia duka la dawa matone ya kulainisha macho, yaani machozi bandia, yenye kaboksimethiliselulosi, hipromelosi au sodiamu hialuroneti. Anza na tone moja mara 4 kwa siku, ongeza hadi kila saa kama bado kunakereza. Ukizidi mara 6 kwa siku, tafuta yasiyo na dawa ya kuhifadhi, kwa sababu hiyo dawa nayo huchubua konea ikirudiwa sana. Chupa ya kawaida ikishafunguliwa itupwe baada ya wiki 4. Andika tarehe kwa kalamu kwenye lebo siku unapoifungua.

Namna ya kuweka: nawa mikono, inua uso, vuta kope la chini lifanye mfuko, dondosha tone moja bila ncha ya chupa kugusa jicho wala kope. Mfuko ule haubebi zaidi ya tone moja, la pili humwagika shavuni na ni hasara. Fumba taratibu kwa dakika moja hadi mbili, ukibonyeza kona ya ndani karibu na pua. Kama una dawa nyingine ya matone, subiri dakika 5 katikati. Ya mafuta huwekwa mwisho daima, maana ikitangulia inazuia matone kuingia.

Usiku ndio wakati wa kuharibika zaidi. Weka dawa ya macho ya mafuta ya kulainisha, mstari wa kama sentimita 1 ndani ya kope la chini, kila unapolala. Tetrasaiklini ya macho inayopatikana kila zahanati ni antibayotiki, si kilainishi cha kutumia miezi. Vaselini ya kupaka mwilini haikutengenezwa kwa jicho, iache mezani.

Kama picha ya kufumba macho inaonyesha mwanya, funga kope kwa plasta ya karatasi ya hospitali, ile nyeupe nyepesi yenye upana wa sentimita 2.5. Paka mafuta ya macho kwanza. Kausha ngozi ya kope na ya shavu kwa tishu, kwa sababu plasta haishiki penye mafuta. Fumba jicho, saidia kope la juu kwa kidole lishuke mpaka liguse la chini, kisha bandika kipande cha kama sentimita 5 kutoka kope la juu kushuka shavuni, kwa mshazari kidogo kuelekea upande wa sikio. Jaribu kufumbua: kope lisiposogea, umefunga vizuri. Likifunguka chini ya plasta, toa na urudie, kwa kuwa plasta au shashi inayogusa konea iliyo wazi inakwangua usiku kucha. Ndiyo maana hatushauri kabisa kubandika shashi kavu juu ya jicho lisilofungika. Asubuhi lowesha plasta kwa maji ya vuguvugu kabla ya kuivuta.

Inua kichwa cha kitanda kwa matofali mawili chini ya miguu ya upande wa kichwani, sentimita 15 hivi. Mito mingi hukunja shingo tu, lakini kitanda kilichoinama hupunguza maji yanayojaa kwenye kope ukilala. Mchana vaa miwani ya jua inayozunguka hadi pembeni. Feni isielekezwe usoni, na kwenye bodaboda usipande bila miwani au kioo cha helmeti kushushwa.

Sasa zile dawa za kuepuka. Matone ya kuondoa wekundu hubana mishipa tu na wekundu hurudi ukiwa mkali zaidi. Matone yenye deksamethasoni, aina ya steroidi, ambayo huuzwa kirahisi sana yakiwa yamechanganywa na antibayotiki, hayafiki nyuma ya jicho kwenye ugonjwa wenyewe. Yanachofanya ni kupandisha presha ya jicho na kufungulia mlango vidonda vya fangasi kwenye konea. Na maji ya majani, asali, maziwa ya mama au mkojo kwenye jicho ambalo konea yake tayari imechubuka ni njia fupi ya kupata kidonda na kovu la kudumu. Hapa hatuna lugha ya kupembeleza.

Tezi: isipande, isishuke

Kutibu tezi hakurudishi macho yote, lakini tezi isiyotulia huyazidisha. Sehemu moja hupata nafuu haraka: ule mkodoleo unaoletwa na homoni kuzidi, pale kope linapovutwa na msisimko wa mwili, hupungua wiki chache baada ya homoni kushuka, na propranololi, dawa ya kutuliza mapigo ya moyo, huusaidia. Mwenye pumu asipewe propranololi.

Dawa ya kawaida ya kushusha homoni za tezi ni kabimazoli, huanzwa miligramu 20 hadi 40 kwa siku kisha hupunguzwa, kwa jumla ya miezi 12 hadi 18. Mwanzoni pima FT4 na TSH kila wiki 4 hadi 6. Kosa kubwa ni kuacha dozi ya mwanzo iendelee miezi mingi bila kipimo: tezi inalala, TSH inapaa, na macho yanavimba zaidi. Homa na koo kuuma ukiwa kwenye kabimazoli maana yake acha dawa siku hiyo na upime chembe nyeupe za damu, usinunue dawa ya koo. Mwanamke anayetarajia kushika mimba amwambie daktari mapema, kwani miezi mitatu ya kwanza hutumika propilthiourasili badala yake.

Iodini ya mionzi hutibu tezi vizuri, ila inaweza kuanzisha au kuzidisha ugonjwa wa macho kwa kama mgonjwa 15 kati ya 100, na hatari ni kubwa zaidi kwa mvutaji sigara. Macho yakiwa kwenye moto mkali, ahirisha. Yakiwa na dalili nyepesi, huwekewa kinga ya prednisoloni (steroidi ya vidonge), miligramu 0.3 hadi 0.5 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, ikipunguzwa kidogo kidogo hadi kuisha ndani ya miezi mitatu. Baada ya iodini hiyo, levothairoksini, yaani homoni ya tezi ya vidonge, ianze mapema, usisubiri hadi uvimbe uso. Kuondoa tezi kwa upasuaji hakuna madhara hayo kwa macho.

Kuhusu chakula: chumvi yenye madini joto ya kawaida endelea nayo. Unga na jeli za mwani zinazouzwa mitandaoni kama dawa ya tezi ziepuke, kwani kiwango chake cha iodini hakitabiriki na mwenye Graves hana haja ya kuiongezea tezi kuni.

Sigara

Hakuna kitu kingine kilicho mikononi mwa mgonjwa chenye uzito kama hiki. Mvutaji hupata ugonjwa mkali zaidi, steroidi humfanyia kazi vibaya zaidi, na iodini ya mionzi humuumiza zaidi. Shisha imo, na moshi wa mwenzako nyumbani nao umo. Kupunguza si kuacha.

Dawa kulingana na ukali

Kwa ugonjwa mwepesi, kope limevutwa chini ya milimita 2 na hakuna kuona viwili, kinachotosha mara nyingi ni matone, tezi kutulia na kuangaliwa. Seleniamu mikrogramu 100 mara mbili kwa siku kwa miezi 6 ilionyesha faida katika utafiti wa Ulaya uliochapishwa mwaka 2011, kwa walio mwanzoni mwa ugonjwa mwepesi. Usizidishe muda wala dozi. Ikizidi, nywele hunyonyoka na kucha hukatika.

Ugonjwa wa kati hadi mkali, wenye pointi 3 au zaidi kwenye zile alama saba, ndio wa steroidi, na hapa njia ina maana. Methiliprednisoloni, ambayo ni steroidi, ya dripu mara moja kwa wiki hufanya kazi vizuri zaidi na ina madhara machache kuliko prednisoloni ya vidonge vya kila siku. Mpango unaotumika sana ni miligramu 500 kila wiki kwa wiki 6, kisha 250 kila wiki kwa wiki 6 nyingine, jumla gramu 4.5. Kwa ugonjwa mkali zaidi hutolewa 750 kisha 500, jumla gramu 7.5. Kikomo cha mzunguko mmoja ni gramu 8, kwa sababu juu ya hapo ini huweza kufa ghafla. Baadhi ya vituo huongeza vidonge vya maikofenoleti, dawa nyingine ya kupoza kinga, kwa wiki 24.

Kabla ya dripu ya kwanza hakikisha umepimwa: sukari, presha, vimeng'enya vya ini, homa ya ini B, virusi vya Ukimwi, na kifua kikuu. Kwa mazingira yetu ongeza minyoo ya strongiloidi, inayoingia kwa ngozi ya miguu na kukaa mwilini miaka bila dalili. Ikikutana na steroidi nyingi husambaa mwili mzima na kuua. Kuitibu kabla, kwa ivermektini, ni rahisi. Homa ya ini B iliyolala nayo huamshwa na dozi hizi.

Siku yenyewe, dripu iende taratibu kwa saa moja hadi mbili. Ikisukumwa kwa dakika chache moyo unaweza kupoteza mapigo yake. Sukari na presha zipimwe kabla na baada. Vimeng'enya vya ini kila mwezi. Kukosa usingizi usiku ule na uso kuwa mwekundu siku inayofuata ni kawaida. Maumivu ya kifua, choo cheusi au macho kuwa ya njano si kawaida.

Wiki ya 6 ndiyo ya uamuzi. Hesabu alama saba upya na linganisha picha. Kama hali imezidi kuwa mbaya, kuendelea na mpango uleule ni kupoteza muda wa moto. Tarajia wekundu, uvimbe na maumivu kupungua. Milimita za jicho lenyewe hurudi chache tu, moja au mbili, na anayeahidi zaidi kwa steroidi anauza maneno.

Kwa vidonge: ukimeza prednisoloni zaidi ya wiki 3, usiikatishe ghafla. Hata dripu zikikusaidia, usiendelee mwenyewe na vidonge vya dukani "kumalizia".

Neva ikibanwa, utaratibu ni mwingine kabisa: methiliprednisoloni miligramu 500 hadi 1000 kwa siku tatu mfululizo au siku kupitisha siku ndani ya wiki ya kwanza, na kuona kusiporudi ndani ya wiki 1 hadi 2, upasuaji wa haraka wa kupanua shimo la jicho.

Mionzi ya nyuma ya jicho, kwa kawaida grei 20 (grei ni kipimo cha mionzi) katika vipindi 10 ndani ya wiki mbili, husaidia hasa misuli iliyovimba na kuona viwili kulikoanza karibuni. Hospitali za saratani zenye mashine, kama Ocean Road jijini Dar es Salaam, ndiko vifaa vya tiba ya namna hii viliko. Haifai kwa mwenye kisukari kilichoharibu retina au presha kali, na chini ya miaka 35 huepukwa.

Teprotumumabu, dawa ya dripu ya macho ya thairoidi, iliidhinishwa Marekani Januari 2020: dripu 8, kila wiki 3, ya kwanza miligramu 10 kwa kilo na zilizobaki 20. Ndiyo dawa inayorudisha jicho nyuma kwa kiasi kinachoonekana. Inaweza kupunguza usikivu, hupandisha sukari, na haipewi mjamzito. Bei yake ni maelfu mengi ya dola kwa dripu moja. Ndugu zetu walioko Marekani wenye bima waulizie, wengine wasiuze shamba kwa ajili yake.

Kuona viwili wakati unasubiri

Misuli ya chini na ya upande wa pua ndiyo hukakamaa zaidi, kwa hiyo jicho hushindwa kwenda juu au kwenda nje. Funika lenzi moja ya miwani kwa plasta ya karatasi. Ni nafuu na inafanya kazi saa hiyohiyo. Ukitaka macho yote mawili yatumike, mtaalamu wa miwani anaweza kubandika prizimu ya plastiki, kipande kinachopinda mwanga, juu ya lenzi yako, inayobadilishwa makengeza yakibadilika. Usitengeneze prizimu ya kudumu wakati wa moto, utailipia mara mbili. Usiendeshe gari mpaka umepata moja ya hizi na kuizoea.

Upasuaji: mpangilio haugeuzwi

Isipokuwa neva au konea ziko hatarini, subiri macho yatulie miezi 6 bila mabadiliko, tezi ikiwa sawa. Kisha hufuatwa mpangilio huu: kwanza kupanua shimo la jicho, pili misuli ya makengeza, tatu kope.

Sababu ni ya kiufundi. Kupanua shimo huondoa ukuta wa mfupa upande wa pua, chini au pembeni, au mafuta, ili nyama ipate pa kwenda. Jicho hurudi nyuma milimita kadhaa, kutegemea kuta ngapi zimeguswa. Lakini misuli nayo husogea, na makengeza mapya huweza kuzaliwa. Ukiwa umeshanyoosha makengeza kabla, kazi yote imeharibika. Vivyo hivyo, kurudisha nyuma msuli wa chini wa jicho huvuta kope la chini lishuke, kwa hiyo kope hupangwa mwisho. Si kila mtu anahitaji zote tatu. Mwingine tatizo lake ni kope tu, na upasuaji mdogo wa kulishusha kwa ganzi ya sindano humtosha.

Muulize mpasuaji maswali haya kabla ya kutia sahihi: kuta zipi zitaondolewa, unatarajia milimita ngapi, wagonjwa wake wangapi hupata kuona viwili kupya, na shavu litakufa ganzi kwa muda gani. Upofu ni nadra ila upo, na husababishwa zaidi na damu kuvuja nyuma ya jicho saa za mwanzo. Ndiyo maana usiku wa kwanza muuguzi anapaswa kukuamsha na kukupima kuona kwa kila jicho, na bandeji isifunge jicho kiasi cha kuzuia kipimo hicho. Aspirini na dawa za kuyeyusha damu zitajwe wiki kadhaa kabla, na daktari ndiye anayeamua kama zitaachwa. Baada ya mfupa kuondolewa, usipenge kamasi kwa wiki 2 hadi 3, kwa kuwa hewa ya puani hupenya kwenye ukuta uliofunguliwa na kujaa nyuma ya jicho. Ukipiga chafya, piga mdomo ukiwa wazi.